Utupa wa Nyumba Mbili

Katika kijiji nilimozaliwa, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka mji wa Shinyanga, palikuwa na nyumba mbili zilizotengwa na njia ya ng'ombe, na kila moja ilizungukwa na ua wa utupa, mmea ule wenye majani ya kijivukijivu na maganda ya manyoya ambao wataalamu huuita Tephrosia vogelii. Mama yangu alikuwa akichuma majani ya ua wake, akayaponda juu ya jiwe, akayaloweka usiku kucha, akayachuja asubuhi na kuyatia sabuni kidogo ili maji yashike, kisha akayanyunyizia kunde zake kwa ufagio wa majani. Na vidukari waliendelea kunyonya kunde zile kama walionyeshewa mvua ya kawaida. Ng'ambo ya njia, bibi jirani yetu alifanya hayo hayo, kwa kipimo kile kile na kwa ufagio wa namna ile ile, na vidukari wake walikauka juu ya mashina wakapukutika. Wapo waliosema kwamba mama alikuwa mvivu wa kuponda, na wapo waliosema maneno mengine ambayo sitayarudia hapa, kwa maana katika nchi yetu maneno ya namna hiyo yamekwisha kudhulumu wanawake wengi. Ilinichukua miaka mingi kufahamu kwamba mama hakukosea jambo lolote. Nyumba mbili zile zilikuwa na mimea yenye jina moja na sura moja, lakini haikuwa na dawa moja.

Ili nieleze jinsi hilo linavyowezekana, sharti nianze mbali kidogo, kwa swali ambalo kwa muda mrefu wenye elimu ya mimea hawakuliona kuwa na uzito: mmea una haja gani ya kuwa na sumu? Majani hutengeneza sukari, protini na mafuta, na manufaa ya vitu hivyo ni dhahiri. Lakini pamoja navyo hutengeneza maelfu ya vitu vichungu, vikali, vyenye harufu au rangi, ambavyo havijengi shina wala havilishi mzizi, na wataalamu wengi walivihesabu kuwa ni taka tu za mwili wa mmea, mfano wa majivu ya jiko. Mwaka 1959 mwanasayansi Gottfried Fraenkel alitoa hoja kinyume cha dhana hiyo, kwamba vitu hivyo si taka bali ni silaha na alama, na kwamba mdudu huchagua chakula chake kwa kuvitambua. Miaka mitano baadaye Paul Ehrlich na Peter Raven, kwa kuchunguza vipepeo na mimea inayoliwa na viwavi wao, waliionyesha kadhia hii kuwa ni mashindano ya dahari na dahari: mmea hubuni sumu mpya, wadudu wengi hushindwa, mmoja hatimaye hupata njia ya kuihimili, naye hujikuta peke yake mezani mpaka mmea ubuni nyingine. Tangu hapo haiwezekani tena kuutazama mwitu kama mkusanyiko wa kuni na vivuli.

Msukuma aliyelima na kufuga alilijua jambo hili kwa njia yake kabla ya vitabu. Mchungaji hapeleki ng'ombe katika mtama mchanga uliochipua upya baada ya ukame, kwa kuwa amewahi kuona mnyama mwenye afya akianguka na kufa kabla jua halijatua. Kinachoua ni durini, kitu kilichomo katika majani machanga ya mtama ambacho, jani likitafunwa, hutoa sianidi. Kadhalika muhogo mchungu, ambao mama zetu huuvundika na kuukausha upate kuwa udaga, una sumu ya jamaa hiyo hiyo iitwayo linamarini, iliyotiwa ndani ya chembe za mmea mbali na kimeng'enya kiifunguacho, mithili ya baruti iliyowekwa chumba kimoja na kiberiti chumba kingine. Jino la mlaji ndilo livunjalo ukuta. Watu wengi huendelea kuupanda muhogo mchungu ijapokuwa una taabu ya kuandaa, maana nguruwe, nyani na mwizi wa usiku hawana wasaa wa kuvundika.

Lakini mfano ulio karibu zaidi na maisha ya watu wa Shinyanga na Geita ni pamba, zao lililotusomesha wengi wetu na kutusumbua sote. Mtu akilichukua jani la pamba na kulielekeza kwenye jua, ataona vitone vyeusi vidogo vilivyotawanyika kama vumbi la mkaa. Vitone hivyo vimo pia katika shina na ndani ya mbegu, na ndani yake mna gosipoli. Hiyo ndiyo sababu mashudu ya pamba hulishwa ng'ombe, ambaye tumbo lake lenye vyumba vingi huihimili, wala hayafai kumwagiwa kuku na nguruwe bila hadhari. Katika miaka ya 1950 mtaalamu mmoja wa Marekani, Scott McMichael, alipata pamba isiyo na vitone, na ilionekana kuwa neema kubwa, kwa kuwa mbegu yake ingeweza kuliwa na binadamu. Pamba hiyo ilipopelekwa shambani, wadudu ambao hapo awali hawakuigusa waliivamia, na panya nao wakaja. Mmea ulikuwa umevuliwa ngao yake, na hapo ndipo ilipodhihirika ngao ile ilikuwa ikizuia wangapi.

Hata hivyo funza wa vitumba hakuzuiliwa na ngao hiyo. Huyu, aitwaye kwa jina la kitaalamu Helicoverpa armigera, ndiye adui mkuu wa mkulima wa pamba kutoka Kahama hadi Maswa, naye ni mlaji wa mazao mengi: mahindi, dengu, nyanya, mtama, alizeti. Watafiti wa China walionyesha mwaka 2007 kwamba funza huyu ana kimeng'enya kinachoamka tumboni mwake kila anapoila gosipoli, kikamsaidia kuihimili. Na utafiti uliofuata ulidhihirisha jambo lililonishtua niliposoma habari zake, kwamba funza aliyekwisha kuionja gosipoli huwa pia na uwezo mkubwa zaidi wa kustahimili dawa ya kiwandani ya jamii ya pairethroidi. Maana yake ni kwamba silaha aliyoifanyia mazoezi dhidi ya mmea huitumia dhidi ya bomba la kupulizia. Mkulima anayeona dawa ya msimu huu haina nguvu kama ya msimu uliopita, akadhani ameuziwa maji, pengine ameuziwa maji kweli. Lakini yawezekana pia kwamba dawa ni halisi na ni funza aliyebadilika.

Na hizo pairethroidi zenyewe zilitoka wapi? Asili yake ni ua la pareto, lililolimwa kwa wingi katika nyanda za juu za Kenya na kusini mwa nchi yetu, ambalo dawa yake ni mchanganyiko wa vitu sita vinavyofanana kama ndugu wa tumbo moja bila kuwa sawasawa. Wanakemia walifuata umbo la ndugu hao, wakalitengeneza upya kiwandani lipate kudumu juani, wakafaulu sana, na sitawanyima sifa yao. Lakini aghalabu kilichofika shambani kilikuwa kitu kimoja, kilichopulizwa mwaka baada ya mwaka juu ya maelfu ya ekari za mmea mmoja. Mdudu aliyepewa fumbo moja, akalirudia kila msimu, alikuwa na muda wa kutosha wa kulifumbua.

Jambo hili lilipimwa waziwazi kwa mwarobaini. Mti huu, uliotoka Bara Hindi ukastawi katika miji yetu yote yenye joto hata watu wakadhani ni wa kienyeji, ulianza kutazamwa kwa makini na wataalamu wa wadudu baada ya Mjerumani Heinrich Schmutterer kuona, huko Sudan mwaka 1959, nzige wakiangamiza kila kijani isipokuwa mwarobaini. Kiini chake kikuu, azadiraktini, kilitengwa mwaka 1968, na umbo lake ni gumu kiasi kwamba kulitengeneza lote maabarani kulikamilika mwaka 2007 tu, huko Cambridge. Basi mwaka 1995 watafiti wawili wa Kanada, Feng na Isman, waliwachukua vidukari wa aina moja wakawagawa makundi. Kundi moja likapewa azadiraktini safi, iliyotakaswa, na jingine likapewa maji ya mbegu za mwarobaini pamoja na mambo yake yote, kizazi baada ya kizazi, mpaka vizazi arobaini. Waliopewa azadiraktini safi walizoea, wakawa na ustahimilivu mara tisa kuliko mwanzo. Waliopewa mchanganyiko hawakuzoea. Kwangu mimi hiyo ni miongoni mwa habari kubwa katika elimu nzima ya visumbufu vya mazao, nami husikitika kwamba haikufika katika vikao vya wakulima kwa kasi ambayo hufika nayo kila dawa mpya. Kile ambacho mwenye kiwanda angekiita uchafu wa dawa, vile vitu vingine kadha wa kadha vilivyochanganyika na kiini, ndicho kilichomfungia mdudu mlango.

Huo ni wingi uliomo ndani ya jani moja. Upo pia wingi kati ya mmea na mmea wa jina moja, na hapa narudi kwenye ua wa mama.

Sumu ya utupa ni rotenoidi, na iliyo kuu kati yake ni deguelini; huzizuia chembe za mwili kuitumia hewa zinayoipata, ndiyo sababu samaki, ambaye maji yenye sumu humpitia matamvuani, hulewa na kuelea upesi, na mdudu hufa taratibu. Kwa sifa hiyo, na kwa kuwa ni jamii ya kunde inayoirutubisha ardhi, utupa ulienezwa na miradi mingi ya kilimo katika Afrika Mashariki na Kusini. Mwaka 2012 Philip Stevenson pamoja na wenzake wa Uingereza na Malawi walitangaza matokeo ya kuichunguza mimea ya utupa iliyokusanywa katika mashamba ya Malawi: ilikuwa ya namna mbili za kikemia. Namna ya kwanza ilikuwa na rotenoidi. Namna ya pili, ambayo ilikuwa takriban robo ya mimea iliyopimwa, haikuwa na rotenoidi, bali ilijaa vitu vingine visivyomdhuru mdudu. Kwa kutazama majani mkulima hakuwa na njia ya kuzitenga. Namna zote mbili zilirutubisha udongo. Moja tu iliua wadudu. Na mbegu zilipogawiwa kwa ajili ya rutuba, hakuna aliyekuwa na sababu ya kuuliza ni ipi.

Niliposoma habari hiyo nilikaa kimya kitambo kirefu, nikamkumbuka mama akichuja majani alfajiri. Mtu aliyefanya kila jambo sawasawa alilaumiwa kwa taksiri iliyokuwa ndani ya mbegu.

Sitaki msomaji aelewe kwamba dawa za majani ni za kubahatisha, wala kwamba kwa kuwa zimetoka porini hazina madhara. Utupa wenye nguvu huua samaki wa bwawa zima, na anayeuponda sharti akae mbali na kisima na ajioshe mikono. Lakini utupa ukiwa wa namna iliyo sahihi, kazi yake imethibitika hapa hapa nchini: mwaka 2015 Prisila Mkenda wa Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko Arusha, pamoja na wenzake, walionyesha, katika mashamba ya maharage ya kaskazini, kwamba maji ya mimea inayoota kandokando ya shamba, ukiwamo utupa na alizeti pori, yaliwapa wakulima mavuno yaliyolingana na ya dawa ya dukani, huku yakiwadhuru kwa uchache zaidi viumbe wa heri wa shamba, yaani buibui na wadudu kibibi walao vidukari.

Nimewataja walao wadudu, nao ndio sehemu ya tatu ya maneno yangu, kwa maana mmea hautumii kemikali zake kuua na kufukuza tu. Huzitumia pia kuita. Kiwavi akilitafuna jani la mhindi, mate yake hulifahamisha jani lile kwamba adui amefika, na baada ya saa chache mmea hutoa harufu ambayo nyigu wadogo huifuata mpaka kwa kiwavi, wakamtagia mayai mwilini. Ted Turlings na wenzake waliithibitisha habari hii mwaka 1990. Ng'ambo ya Ziwa Victoria kutoka Geita, pale Mbita katika Kenya, Zeyaur Khan wa kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, akisaidiana na John Pickett wa kituo cha utafiti cha Rothamsted huko Uingereza, aliutumia ujuzi huo kubuni kilimo kiitwacho vuta-sukuma. Mabingobingo hupandwa kuzunguka shamba, nayo jioni, saa ile ile nondo wa funza wa mabua anapotafuta mahali pa kutaga, huachia harufu nyingi kumvuta. Funza wakianguliwa humo wengi wao hufa katika utomvu wake unaonata. Katikati ya mahindi hupandwa desmodiamu, inayomchukiza nondo, na ambayo mizizi yake, kwa bahati ambayo hakuna aliyeitarajia, huichipusha mbegu ya kiduha kisha ikaizuia kujishika kwenye mzizi wa nafaka. Kwa mkulima wa mtama wa Usukuma, ambaye kiduha humnyang'anya chakula akiwa anatazama maua yake ya zambarau, hilo la pili huenda likawa kubwa kuliko la kwanza.

Katika kituo hicho hicho Amanuel Tamiru na wenzake waliona mwaka 2011 kwamba mahindi ya kienyeji ya Amerika ya Kusini na ya Kati huanza kuwaita nyigu tangu nondo anapotaga mayai, kabla funza hajazaliwa, ilhali mahindi chotara ya dukani waliyoyapima hayakuita. Hakuna aliyekusudia kuyatia ububu. Waliyachagua kwa uzito wa gunzi, na sauti ikapotea njiani bila ya mtu kusikia kwamba imepotea. Nimewaona wazee wakiihifadhi mbegu ya zamani katika kibuyu juu ya dari, wakiitwa wakaidi na vijana wao. Sasa nadhani ukaidi ule ulikuwa na maana pana kuliko wao wenyewe walivyoweza kuueleza.

Shinyanga ni mahali pa kipekee pa kuyatafakari mambo haya, kwa kuwa ni nchi iliyowahi kuufyeka mwitu wake kwa makusudi kwa ajili ya mdudu. Hapa ndipo palipokuwa makao makuu ya utafiti wa mbung'o katika Tanganyika chini ya Charles Swynnerton, na tangu miaka ya 1920 watu kwa maelfu waliitwa kwa amri ya watemi kwenda kukata vichaka ili mbung'o akose kivuli. Mbung'o alirudi nyuma kweli, na ng'ombe wakapata malisho, sitalikana hilo. Lakini pamoja na Swynnerton alikuwapo Bernard Burtt, mtaalamu wa mimea, aliyezunguka katika vichaka hivyo akiitambua miti na vitambaazi kimoja kimoja. Wote wawili walikufa katika ajali ya ndege mwaka 1938, na kitabu cha Burtt cha kuitambua miti ya mbuga za Tanganyika kilitolewa baada ya kifo chake. Huniingia huzuni kila nikiliwaza hilo, kwamba idara moja ilikuwa na mkono mmoja ulioandika majina na mkono mwingine ulioshika shoka.

Baada ya mbung'o ikaja pamba, na baada ya pamba mifugo mingi na kuni, hata Shinyanga ikaanza kuitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ambao busara yake kubwa ilikuwa kutokuja na jambo geni, bali kuurudisha ngitili, utaratibu wa Wasukuma wa kulifunga eneo la malisho wakati wa mvua ili lipumzike. Na ngitili zilizokuwa zimesalia kwa mamia ya hekta ziliongezeka kufikia mamia ya maelfu katika muda usiozidi miaka ishirini. Watu huzisifu kwa majani, kuni na asali. Mimi huziona pia kama duka la dawa ambalo bado halijafanyiwa hesabu, na kama makazi ya nyigu, siafu na buibui ambao shamba la pamba lililo jirani haliwezi kuwalisha peke yake. Wakulima wa pamba hai wa Meatu, wilaya iliyokuwa ya mkoa wa Shinyanga kabla ya Simiyu kuzaliwa mwaka 2012, hupanda alizeti kati ya pamba ili kumpumbaza funza wa vitumba. Ni kurudisha shambani sehemu ndogo tu ya ule wingi ulioondolewa. Na katika Geita, ambako kila duara la dhahabu lenye kina hudai matimba ya kulizuia lisiporomoke, miti hukatwa na kushushwa ardhini pamoja na vyote vilivyomo katika magome yake, bila Burtt wa kuandika majina.

Mama yangu hakupata kusoma habari za Malawi, maana utafiti ule ulitoka wakati yeye amekwisha kuzeeka. Lakini msimu mmoja, alipochoshwa na maneno ya watu, alivuka njia ya ng'ombe jioni, akaketi uani kwa bibi yule na kumwuliza moja kwa moja mbegu yake aliitoa wapi. Mimi nilikuwa nimemfuata nimebeba kikapu.

"Ya kwako uligawiwa, mwanangu," bibi alisema. "Ya kwangu mjomba alinitolea Nkome, ziwani. Wale walikuwa wakilewesha samaki kwa utupa, kabla serikali haijakataza. Mti uliolewesha waliuchuma mbegu. Usiolewesha waliufanya kuni."

Mama alirudi na maganda kiganja kimoja, akayafunga katika pindo la kanga, na mvua za kwanza zilipoanguka aling'oa ua wake wote, shina kwa shina, akapanda upya.